Fundi Kimeu na Kikombe cha Bati

Nilifanya kazi na Kimeu miaka saba, na maneno aliyonisemesha katika miaka hiyo yangeenea nyuma ya bahasha. Simlaumu. Mimi husema mpaka mke wangu anatoka nje, kwa hiyo tulifaana. Yeye alikuwa fundi wa mapambo katika studio za televisheni, yaani mtu wa kujenga nyumba zisizo na paa, milango isiyoelekea popote, na viti vinavyovunjika pale mchezo unapotaka vivunjike. Mimi nilikuwa mtu wa vishindo. Mlango ukibamizwa kwenye mchezo, ni mimi. Mvua ikinyesha, ni mimi na ungo wa choroko.

Kabla ya studio alikuwa mchongaji. Alichonga twiga na vifaru pamoja na Wakamba wenzake kwenye karakana moja ya Pumwani, na waliomjua wakati huo walisema mkono wake ulikuwa hauna mfano. Alikaa Jericho na mkewe Kavutha na watoto watatu. Mimi nilikaa Jericho pia, mistari miwili nyuma yake, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa na mtu kwa nini aliacha kuchonga. Jericho nzima ilijua.

Mwaka wa 1975 nyumba ya Kimeu ilianza kurusha vyombo. Najua maneno hayo yanavyosikika, nami si mtu wa kuamini ovyo, lakini nilikwenda kuona kama kila mtu alivyokwenda, mchana kweupe, nikiwa nimebanwa mlangoni kati ya fundi viatu na mama mmoja muuza sukuma wiki. Nyumba ilikuwa chumba na jiko. Kabati la vyombo lilikuwa kando ya mlango wa jikoni. Katikati palikuwa na meza. Ng'ambo ya meza ulikuwa ukuta wenye dirisha, na dirisha lile lilikuwa limepigiliwa kipande cha bati kwa sababu kioo kilivunjika na baraza la mji halikuwahi kuja kutia kingine. Nilisimama pale robo saa nikijiona mjinga. Kisha kikombe kimoja cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kikatoka kabatini, kikapita juu ya meza, kikapiga ukuta wa dirisha. Hakikuwa na haraka. Kilipiga chokaa kikaacha shimo dogo, kikaanguka, kikazunguka chini kidogo kikatulia.

Gazeti lilikuja likampiga Kimeu picha amesimama kando ya kabati kama mtu aliyelinunua jana. Mchungaji alikuja, akaomba, na kijiko kikampita sikioni kabla hajafika kwenye amina. Sisi Waislamu tulisema ni majini na tukajitolea kumleta sheikh. Kimeu alitushukuru, akasema yeye ni mtu wa kanisa.

Wiki ya tatu alifika kaka yake mkubwa kutoka Mbooni, mtu anayeitwa Zedekiah, ambaye mpaka leo nikisikia jina lake meno yangu hukazana. Zedekiah alikaa siku mbili akitazama, kisha akatangaza amegundua. Vyombo viliruka wakati Wayua yuko jikoni. Wayua alikuwa binti wa kwanza wa Kimeu, wa miaka kumi na miwili, na alikuwa jikoni kwa sababu watoto wa kike wa miaka kumi na miwili ndiko wanakowekwa. Hilo halikumshughulisha Zedekiah. Alisema ataleta kithitu.

Asiye Mkamba huenda hajui. Kithitu ni kitu cha kuapia, chenye mtunzaji wake, na kukiapia ndiko kukila. Mtu akila kithitu kwa uongo hafi peke yake, wanakufa wa nyumbani kwake, mmoja baada ya mwingine, na hata Wakamba wanaokwenda kanisani mara mbili kwa Jumapili hawalitaji neno hilo ovyo. Kwa hiyo anayekataa kukila amejihukumu. Zedekiah alimwita mtoto mbele ya watu wazima akamuuliza kama yuko tayari kuapa kwa kithitu kwamba hajawahi kurusha kitu katika nyumba ile. Wayua alimtazama mama yake. Kisha akasema hapana.

Baadaye mwenye kithitu mwenyewe alisema mtoto haapishwi, hata angeletwa kwake angemrudisha. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ile Kimeu alimchapa Wayua kwa mkanda mpaka akakiri, na kukiri peke yake hakukutosha, akatakiwa aseme alifanyaje. Akasema alichukua uzi kwenye cherehani ya mama yake, akafunga mkono wa kikombe, akaupitisha mlangoni, akavuta akiwa jikoni. Gazeti lilirudi likaandika msichana amekiri. Wayua akatolewa shule akapelekwa Mbooni kwa nyanya yake, na vyombo vikatulia. Watu wakaona hicho ndicho cheti cha ushahidi.

Kule karakana walianza kumwita Baba Uzi. Siku moja alikusanya tezo zake akazifunga kwenye gunia, na mwaka wa 1977 akaja studio kuomba kazi ya useremala. Sijui kama alikuwa na huzuni. Nilimuuliza mara moja, akasema hasikii kitu, na kwa alivyosema nikajua ni kweli, mtu yule alikuwa amekufa ganzi kuanzia shingoni kwenda chini.

Wayua aliolewa na dereva wa lori mwaka wa 1982 wakahamia Lucky Summer. Kimeu alimtengenezea kabati la vyombo. Alilifanyia kazi miezi mitatu, mbao za mvule, milango miwili ya vioo, na pembeni akachonga maua madogo, kazi ya kwanza ya kuchonga tangu afunge lile gunia. Wayua alikataa kulipokea. Alisema nyumba yake ni ndogo. Kabati likabaki Jericho limefunikwa shuka, na Kimeu akachukulia kwamba binti yake ana kinyongo, jambo ambalo aliliona ni haki yake. Ziara zao zikawa za Krismasi na matanga.

Basi mwaka wa 1984 akaja mwongozaji mpya wa michezo, kijana anayeitwa Ngigi, mwenye vipande vya magazeti ndani ya faili. Alitaka kutengeneza mchezo wa televisheni uliotokana na kisa cha kweli, nao ungeitwa Nyumba ya Vishindo. Alikuwa amebadilisha majina na mtaa. Baba wa mchezoni alikuwa karani na familia ilitoka pwani. Vingine vyote aliviacha kama gazeti lilivyoviandika, uzi, cherehani, mkanda, na mwisho kabisa msichana akiwa amepiga magoti anakiri. Hakujua kwamba mwenye kisa ndiye anayeshika nyundo mbele yake.

Nilimfuata Kimeu kwenye chumba chake cha kazi. Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake, kwa sababu yeye hangeweza.

"Mwambie," nikasema. "Mwambie ni nyumba yako akutoe kwenye kazi hii."

"Nimwambie nini, Muhidin? Nimeletewa karatasi ya vipimo kama siku zote."

Akaijenga. Hakuhitaji ile karatasi. Alijenga chumba na jiko, akaweka kabati kando ya mlango wa jikoni, meza katikati, na ng'ambo ukuta wenye dirisha lililopigiliwa bati. Nilipofika asubuhi ya mazoezi nikakuta ametia hata lile shimo dogo la chokaa. Ngigi alizunguka akisifu, akasema hajaona fundi mwenye kusoma gazeti kwa makini namna hii.

Kazi ya kurusha kikombe ilikuwa ya Kimeu. Karatasi ilisema binti yuko jikoni, anavuta uzi, kikombe kinatoka kabatini kinapiga ukuta wa dirisha. Kimeu alifunga uzi wa cherehani kwenye mkono wa kikombe, akaupitisha mlangoni, akaenda jikoni, akavuta. Kikombe kikaanguka chini ya kabati. Akavuta kwa nguvu zaidi, kikamfuata jikoni. Akapitisha uzi juu ya mwimo wa mlango, kikapanda kidogo kikagonga mlango. Akatia msumari juu ya kabati. Akabadilisha kikombe. Siku ya kwanza nilimtania kwamba binti wa miaka kumi na miwili anamshinda ufundi. Natamani ulimi wangu ungekatika.

Siku ya pili hakula chakula cha mchana. Ngigi alikuwa ameanza kutazama saa.

"Fundi, mimi nataka hiyo kikombe ipige ukuta," akasema. "Gazeti ilisema ukuta. Si kitu ngumu, hata mtoto alifanya."

Siku ya tatu nilimkuta Kimeu amesimama kwenye mlango wa jiko lile la mbao, uzi umezungushwa kidoleni mpaka ncha imekuwa nyeusi. Alikuwa anatazama ukuta wa dirisha, ule wa ng'ambo.

"Uzi unavuta," akaniambia. "Hausukumi."

Sikuelewa mara moja. Akanionyesha kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Binti yuko huku. Kikombe kiko hapa kando yake. Akivuta, kitakuja kwake, kitakwenda wapi kingine? Ukuta uliopigwa ni ule kule, upande wa pili wa meza. Kukipeleka kule lazima mtu awe nyuma ya ule ukuta anavuta kutoka nje.

"Na dirisha lilikuwa na bati," nikasema.

"Nililipigilia mwenyewe."

Nataka nieleze nilivyomwona wakati ule, lakini hapakuwa na kitu cha kuona. Hakulia, hakukaa chini. Alifungua uzi kidoleni akauzungushia kwenye kibiringo chake. Mimi ndiye niliyetaka kupiga kitu. Mtu yule hakuwahi kukata ubao bila kuupima mara mbili. Alikuwa anajua jinsi mti utakavyopasuka kabla hajauinulia tezo. Na jambo hili, ambalo fundi yeyote angelijua akilijaribu kwa dakika tano, hakulijaribu miaka tisa, kwa sababu mtoto alikuwa amekataa kithitu na hiyo ikatosha.

"Kwa hiyo yalikuwa majini," nikasema, maana kweli mimi sijui kunyamaza.

"Sijali yalikuwa nini. Haikuwa yeye."

Ngigi ndiye aliyetatua la kikombe. Akaagiza mshipi wa kuvulia samaki, akatoboa tundu kwenye ukuta wa dirisha, akasema mtu asimame nyuma avute kutoka huko. Kikombe kikaruka mara ya kwanza tu, kizuri, bila haraka, kama nilivyokiona. Watu wote studio wakapiga makofi. Hapo Kimeu akamwendea Ngigi akamweleza, kwa sentensi nne au tano, nyumba ile ni ya nani na msichana yule ni nani. Akaomba kitu kimoja, kile kipande cha kukiri kiondolewe.

Ngigi alibadilika uso. Si mtu mbaya, sitaki kumsingizia. Alivua kofia yake.

"Mzee, mimi sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Lakini nikitoa hiyo mwisho, sina mchezo. Na si nimezusha, alikiri. Iko kwa gazeti."

"Alikiri," Kimeu akasema.

"Na inaenda hewani Ijumaa ya wiki ijayo. Nitafanya nini sasa?"

Kimeu akasema haidhuru. Siku ya kurekodi ni yeye aliyesimama nyuma ya ukuta akavuta mshipi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuvuta sawasawa. Mimi nilikuwa pembeni nikipiga kishindo cha kikombe na ukuta. Yule binti mwigizaji alipopiga magoti na kukiri, nilimwona Kimeu nyuma ya mbao, mshipi bado mkononi, anasikiliza kama mtu anayengoja aambiwe asogeze kiti.

Alitaka kumfikia Wayua kabla ya ile Ijumaa. Aliniomba twende wote Jumapili, na hakuwahi kuniomba kitu kabla ya siku ile. Kavutha alimfungia mkate na sukari bila kuuliza anakwenda kumwambia nini binti yao. Tulishuka Baba Dogo tukatembea.

Mume wa Wayua alikuwa safarini. Wayua mwenyewe alitupokea vizuri, kwa adabu zote, akampa baba yake kiti na mimi kitanda. Alikuwa na mtoto wa miaka miwili, Koki, msichana mnene mwenye kucheka. Tulinyweshwa chai kwenye vikombe vya plastiki, nami nikiwa mtu wa kuchungulia nyumba za watu nikaona hapakuwa na rafu hata moja. Hapakuwa na msumari ukutani. Sahani, vikombe na sufuria zote zilikuwa zimepangwa sakafuni juu ya gunia, na juu ya sufuria kubwa pamewekwa jiwe.

Kimeu alimaliza chai. Akatoa mfukoni kibiringo cha uzi na kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Wayua alipokiona alimvuta mtoto akamweka nyuma yake.

"Nimekuja kukwambia kwamba hukurusha vile vyombo," Kimeu akasema.

"Nilirusha, Baba."

"Haiwezekani. Nimejaribu siku tatu."

"Kimoja nilirusha." Alisema bila kuinua sauti, na nikashtuka kusikia sauti ya baba yake ikitoka kwake, ile ile isiyopanda wala kushuka. "Mama alinikataza kwenda kuimba kanisani. Nikakasirika, nikatupa kikombe chini ya meza. Hakuna mtu aliona. Sasa baba mkubwa aliponiuliza kama nitaapa sijawahi kurusha kitu, nikakumbuka hicho. Nikajua nikiapa, mama atakufa."

Kimeu alikuwa anamtazama.

"Na vile vingine?"

"Vingine nilifikiri navirusha bila kujua. Mlisema ni mimi. Baba mkubwa alisema, mchungaji akasema, wewe ukasema. Mimi nilikuwa mtoto, ningejuaje kuwashinda? Uzi niliutunga kwa sababu ulitaka nikuambie nilifanyaje."

Akaonyesha gunia kwa kidevu.

"Sijui lini nitaanza tena. Ndiyo maana sikuchukua kabati. Lilikuwa zuri. Nikikasirika nampeleka Koki kwa jirani mpaka nitulie."

Miaka tisa. Mimi nilikuwa nimekuja nikidhani tunamletea mtu habari za kuonewa kwake, habari anazozijua, na kwamba alikuwa akingoja tu aombwe msamaha. Kumbe binti huyu alikuwa amekaa miaka tisa akijiogopa. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Wao wawili hawakulia.

Kimeu alisimama. Akafunga uzi kwenye mkono wa kikombe, akakiweka ukingoni mwa meza iliyokuwa karibu na mlango, akampa Wayua ncha.

"Simama mlangoni. Vuta."

Wayua akavuta. Kikombe kikaanguka kikaburuzika hadi miguuni pake.

"Tena. Sasa kipeleke ukutani, ule wa kitanda."

Akavuta polepole, akavuta kwa nguvu, akavuta akiinua mkono, akavuta akiinama. Kila mara Kimeu aliokota kikombe akakirudisha mezani. Koki alidhani ni mchezo, akawa anapiga makofi kikianguka. Sikuhesabu mara ngapi. Wayua alianza kutoka jasho, akafunga kitambaa chake vizuri, akavuta tena. Kikombe kilimjia. Kila mara kilimjia yeye.

Mwisho akakaa pale pale kizingitini, uzi mkononi. "Hakiendi," akasema.

"Hakiendi," Kimeu akasema. "Ijumaa wataonyesha kwenye televisheni kwamba kinakwenda. Ni mimi niliyekivuta, nilikuwa nyuma ya ukuta."

Wayua alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, lakini hayo ya televisheni yalimpita. Alikuwa anautazama uzi.

"Uzi ulikuwepo siku ile," akasema. "Kwenye cherehani ya Mama. Na kikombe kilikuwepo."

"Vilikuwepo."

"Ungejaribu, Baba."

Kimeu akasema ndiyo. Kisha akainama, akachukua ncha ya uzi kutoka mkononi mwa binti yake, akaanza kuukunja.